Kazi zimesafiri, anwani ingali hapa

Maneno haya yalisemwa mbele ya wakaaji wa komini (sehemu za mji) za Kenya, Katuba na Kamalondo, mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yameandikwa karibu kama yalivyotamkwa.

Jambo yenu bamama na babaa, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha. Aksanti kwa kuja.

Leo nimekuja kwa miguu, kwa kusudi. Nilitaka kusoma kuta. Ukuta wa kwanza niliousoma umeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: "Parseli hii haiuzishwe." Najua maana yake, nanyi mnaijua: humo ndani ndugu wanagombana juu ya kiwanja walichorithi kwa baba yao. Ukuta wa pili una msalaba mwekundu, kwa maana nyumba imepangiwa kubomolewa. Wa tatu una namba ya simu ya muuza saruji. Wa nne unakataza watu kukojoa. Nimetembea hivyo avenyu baada ya avenyu. Mitaa yetu imeandikwa kila mahali, ila sikukuta hata ukuta mmoja unaoniambia: mtu fulani aliishi hapa, alichora hapa, alipigia gitaa chini ya mwembe huu.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Naomba tuanze kuweka vibao vya ukumbusho kwenye nyumba walimoishi wasanii wetu. Siombi sanamu wala jengo jipya. Naomba kibao kidogo ukutani, chenye jina, kazi na miaka.

Neno "ukumbusho" sikuliokota kwenye kamusi. Nilipokuwa na miaka tisa, saloni ya nyumba yetu ilikuwa na picha moja tu. Mfungwa alilazwa chini, askari ameinua fimbo, Mzungu amesimama pembeni na kiko chake, wanawake wanangoja nje na vyakula vya waume wao. Baba aliinunua kwa kijana aliyepita na picha zake mabegani, akigonga mlango kwa mlango. Mgeni akiketi, baba alimwacha anywe maji kwanza, kisha akamwonyesha ile picha na kusema, "Hii ni ukumbusho." Hapo ndipo hadithi ya babu ilipoanza: kazi za shuruti, barabara, kodi. Picha ilikuwa mlango wa hadithi. Mwaka mmoja mvua ilipita kwenye bati, ikashuka juu ya picha, rangi ikavimba na kuchubuka, mama akaitoa nje pamoja na mkeka ulioloa. Jina la mchoraji liliondoka nayo.

Nilipokua nikajifunza kwamba nyumba yetu haikuwa peke yake. Watafiti waliokuja hapa miaka ya 1970 waliona picha za namna hiyo katika saloni nyingi za mji, wakasikia watu wakiziita kwa neno lile lile la baba. Mmoja wao alikuwa Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi. Alifahamiana na mchoraji kijana, Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, wa mwaka 1947. Tshibumba alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, kwa sababu turubai ya dukani haikuwa ya mfuko wake. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwalimu yule historia nzima ya nchi, picha baada ya picha, hadi zikafika 101. Na kila moja aliieleza kwa mdomo wake, kwa Kiswahili hiki hiki tunachosemea sokoni.

Picha hizo ziko Amsterdam, katika jumba la Tropenmuseum, ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zimekatika. Fikirini jambo hili, wazee wangu. Mtu aliyetuchorea historia yote ya nchi, kuanzia mababu hadi Lumumba na baada yake, historia yake mwenyewe tumeiacha ikatike. Mtoto wa Katuba akitaka kuona alichofanya, atafute viza. Akitaka kuona mahali alipokaa akachora, hapo haihitajiki viza, ila inahitajika mtu wa kumwonyesha kwa kidole: ni pale.

Ndiyo fikra niliyobeba leo, na sina nyingine. Kazi zimesafiri. Za Tshibumba zimesafiri. Za mafundi wa zamani zaidi zimesafiri pia. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, Elisabethville ya wakati ule, karakana iliyoitwa Le Hangar. Humo walitoka Bela, aliyechora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwenze Kibwanga, ambaye watu na wanyama wake wote wamefumwa kwa mistari midogo midogo kama mkeka. Na Pilipili Mulongoy, bwana wa samaki, ndege na nyoka. Mwaka 2015 watu wa Paris walipanga mstari mbele ya jumba la maonyesho la Fondation Cartier kuona picha hizo ukutani. Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini nilijiuliza: Pilipili alizaliwa mwaka 1914 akafa mwaka 2007, aliishi miaka zaidi ya 90, je, kuna mtaa gani wa mji huu unaomtaja? Picha inaweza kununuliwa, ikafungwa katika sanduku, ikapanda ndege. Anwani haipandi ndege. Ni urithi pekee wa msanii ambao hakuna tajiri atakayeuchukua kwenda nao kwake. Nasi ndio huo tunaouacha uoze.

Wengine wataniambia kwamba mambo ya vibao ni ya Wazungu. Ni kweli London wana mazoea hayo ya muda mrefu, na nitayaeleza, maana kuna ya kujifunza humo. Lakini mniruhusu kwanza niwapeleke Bukama, hapa hapa kwetu Katanga. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, alikuta huko nyumba za udongo zenye kuta zilizochorwa. Aliyezichora alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, na mkewe Antoinette Lubaki naye alikuwa mchoraji. Thiry aliona mvua itazifuta picha zile, akawapa karatasi na rangi. Mwaka 1929 karatasi hizo zilitundikwa Brussels. Karatasi zimebaki, kuta zimerudi kuwa udongo. Kwa hiyo watu wa nchi hii wanajua tangu zamani kwamba ukuta wa nyumba unaweza kusema. Hatujifunzi kitu kigeni. Tunarudia tulichoacha.

Sasa London. Wazo lilitolewa bungeni mwaka 1863 na mbunge William Ewart. Mwaka 1866 chama kiitwacho Society of Arts kikalipokea, na mwaka 1867 kibao cha kwanza kikabandikwa katika Holles Street, kwenye nyumba alimozaliwa mshairi Byron. Leo vibao vyao vimepita 1,000, vingi ni vya mviringo, vya buluu, upana usiofika nusu mita. Tangu mwaka 1986 vinasimamiwa na English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale. Wana kanuni moja naipenda sana: mtu hapewi kibao kabla ya kutimiza miaka 20 tangu afe. Miaka 20 inatosha makelele ya kisiasa kunyamaza, inatosha pia watu kupima kama kazi ya mtu bado inatembea bila yeye.

Kuna barabara yao iitwayo Brook Street. Nyumba namba 25 alikaa mtunzi wa muziki Handel kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1759. Ukuta wa pili tu, namba 23, alikaa mpiga gitaa Mmarekani Mweusi, Jimi Hendrix, mwaka 1968 na 1969. Vibao viwili, jirani kwa jirani. Mmoja alitungia makanisa na wafalme, mwingine alipiga gitaa la umeme usiku wa manane. Mtaa haukuchagua nani mkubwa.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya tarishi. Mchoraji Vincent van Gogh, kabla hajawa mchoraji, alifanya kazi London katika duka la picha, akapanga chumba. Kwa miaka karibu 100 hakuna aliyejua nyumba yenyewe ni ipi. Mwaka 1971 kulikuwa na mgomo wa posta, na tarishi mmoja asiye na barua za kupeleka akatumia siku zake kufukua daftari za zamani, mpaka akafika Hackford Road, namba 87. Akaendelea, akamtafuta mjukuu wa binti wa mwenye nyumba. Kwa yule mama, ndani ya boksi la vitu vya zamani, ukatoka mchoro wa nyumba ile, umechorwa na Van Gogh mwenyewe. Mwaka 1973 kibao kikawekwa. Ni mtu aliyezoea kupita mitaani kila siku aliyefanya kazi hiyo.

Na sisi tunao watu wa namna hiyo. Barua hazifiki tena milangoni kwetu, lakini mama anayeuza makala ya kupikia kwenye pembe ya avenyu ile ile tangu ujana wake ni daftari. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, ni daftari. Mzee aliyekuwa akikusanya pesa za maji ni daftari. Hizo ndizo daftari zinazofungwa kila wiki tunapokwenda makaburini, na hakuna aliyezinakili. Kwa hiyo kazi ya kwanza haitakuwa ya mwashi, itakuwa ya kuuliza. Ndiyo sababu nawatazama sana ninyi vijana. Mna simu zenye kunasa sauti. Ketini na bibi zenu. Ulizeni: nani alipiga gitaa hapa? Nani aliimba kwenye matanga? Nyumba ya yule mchoraji ilikuwa na mlango wa rangi gani?

Tuwe waangalifu pia, kwa maana ugumu upo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville, ukapata jina la Lubumbashi mwaka 1966. Kamalondo iliitwa Albert. Avenyu zimebadili majina, namba za parseli zimekatwa vipande viwili, vitatu. Na waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, walikaa katika nyumba za kambi: kazi ikiisha, nyumba inaisha. Mtu mmoja angeweza kuacha nyayo katika nyumba sita. Basi kila kibao kiandikwe jina la zamani la mtaa na la sasa, na tusikiweke mpaka mashahidi wawili wasiofahamiana wamekubaliana. Kibao cha uongo ni kibaya kuliko ukuta mtupu, kwa sababu watoto watakiamini.

Chukueni mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, wa Bayeke. Naona wazee mmetikisa vichwa hata kabla sijamaliza jina. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimnasa sauti Jadotville, yaani Likasi, akipiga wimbo wake "Masanga": kidole gumba kinatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, kidole cha shahada juu yake kinaimba. Vidole viwili tu, lakini ukisikiliza unadhani ni watu watatu. Wapiga gitaa wa Kenya walimwiga, nasema Kenya ile nchi, si Kenya yetu hii. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani Zambia. Hata kwa kanuni ile ya London, ameshatimiza miaka yake 20 na zaidi. Na pamoja naye walikuwapo akina Edouard Masengo na Losta Abelo, ambao bado tunawasikia katika vichwa vyetu, tukifua nguo, tukipika bukari.

Mwaka 1979 mpiga gitaa kutoka Uingereza, John Low, alifunga safari mpaka hapa Lubumbashi kwa ajili ya Mwenda, ili afundishwe na mikono yenyewe. Alikuja kwa sababu alijua kuna mlango wa kubishia hodi. Nawauliza kwa moyo mzima: leo akija kijana mwingine, awe wa Nairobi, awe wa Kolwezi, na gitaa lake mgongoni, tutampeleka mbele ya mlango gani?

Tunajua kuweka alama penye kifo. Shilatembo, kwenye njia ya Likasi, tumeweka kumbukumbu ya Lumumba na wenzake waliouawa tarehe 17 Januari 1961, na ilipasa. Ila mji unaoweka alama penye kifo peke yake unawafundisha watoto kwamba hapa watu walikuja kufa tu. Hapa watu waliishi. Walipika rangi, walikaza nyuzi, walikopa sukari kwa jirani ili wageni wa mazoezi wanywe chai.

Kibao kitengenezwe kwa kitu gani? Moyo wangu unasema shaba. Mji wa shaba, mafundi wetu wanaoipiga kwa nyundo mpaka inatoa sura ya mtu, kitu gani kingine? Nililala nalo wazo hilo siku nyingi. Nikaliacha. Mnajua nyaya za umeme zinavyokatwa usiku. Kipande cha shaba ukutani hakitamaliza mwezi, na mwenye nyumba ataamshwa na nyundo ya mwizi. Napendekeza udongo wa kuchoma, udongo wa kichuguu, ule ule unaotoa matofali ya nyumba zetu. Hauna bei kwa mwizi. Mfinyanzi aandike herufi ndani ya udongo ukiwa mbichi, uchomwe kwenye tanuri pamoja na matofali, mwashi aupachike ndani ya ukuta, si juu yake. Hata vibao vya London ni vya udongo wa kuchoma. Na ukiona nyumba ya matofali ya kichuguu ina kibao cha kichuguu, utaona kama nyumba yenyewe ndiyo iliyofungua mdomo.

Nimesikia hofu yenu, nataka niiguse waziwazi. Mama mmoja alinishika mkono wiki iliyopita akaniambia, "Mwalimu, mkiandika ukuta wangu, kesho watakuja kusema parseli ni ya serikali." Mama, una haki ya kuogopa. Tumeona kuta zikiandikwa, kisha watu wakatolewa na vyombo vyao barabarani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pasipo ndiyo ya wenye nyumba, hakuna kibao. Ndiyo hiyo iandikwe, isainiwe mbele ya shefu wa kartie, na iseme wazi kwamba kibao hakigusi umiliki, hakizuii kuuza, hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kuingia uani. Hata kule London kibao chenyewe hakiwi sheria ya kuilinda nyumba. Nyumba ile ya Byron, ya kibao cha kwanza kabisa, ilibomolewa mwaka 1889. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba tutaokoa kila nyumba. Mpangaji anayeishi humo leo ni mtu, naye ana haki ya kulala bila watalii dirishani. Kibao kinasomwa kutoka barabarani, basi.

Kuhusu wanawake, nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Mwaka 2018 wenye vibao vya London walihesabu wakakuta kati ya kila vibao 100, vya wanawake ni kama 14 tu. Walikuwa na miaka 150 ya kufanya vizuri zaidi. Sisi hatujaanza hata kimoja, kwa hiyo hatuna kisingizio. Antoinette Lubaki alishika rangi karibu miaka 100 iliyopita. Katika kartie hizi kuna wanawake waliotunga nyimbo za arusi na za kilio ambazo kila mtu anaziimba na hakuna anayeuliza zilitoka kinywa gani. Orodha ikija mezani bila wao, mimi nitairudisha.

Na lugha. Kibao kiandikwe Kiswahili. Kifaransa kikitakiwa kifuate chini, kwa herufi ndogo. Tshibumba alieleza picha zake 101 kwa Kiswahili. Mwenda aliimba kwa Kiswahili. Haingekuwa haki watu hawa warudi nyumbani kwao wakiwa wamevalishwa lugha ambayo mama wa makala haisomi. Nimejaribu kuandika maneno ya mfano, mnisahihishe: "Hapa aliishi fulani, mpiga gitaa. Alikaa nyumba hii toka mwaka huu hadi mwaka ule. Avenyu hii iliitwa hivi." Yasizidi hapo. Sifa tusiziweke. Mpita njia akitaka kujua zaidi, atabisha hodi kwa jirani, na jirani atapata sababu ya kusimulia. Ndivyo baba alivyofanya na ile picha ya saloni.

Nimeweka daftari mezani, pale karibu na ndoo ya maji. Ukurasa wa kwanza una safu nne: jina, kazi, parseli, nani anayekumbuka. Asiyeandika amwambie kijana aliye karibu naye amwandikie. Nami nimeanza kwa kuandika mstari mmoja, wa Tshibumba, nikaacha nafasi ya parseli wazi. Kama kuna mtu humu ambaye baba yake alinunua picha kwake, au aliyemwona akikausha vitambaa vyake uani, nafasi hiyo ni yenu.

Naona mzee pale nyuma, mwenye kofia, umeinua mkono tangu nilipotaja mifuko ya unga. Vijana, mpisheni apite mbele. Karibu, baba. Sema polepole, huyu kijana anaandika.